Wikiendi ya kuipanga upya diski ya pamoja

Seva ya zamani, kompyuta iliyobeba diski ya pamoja ya ofisi, ilikuwa imefika umri wa kustaafu, mpya imeshawashwa, na uongozi wa ofisi ulitoa sharti moja tu: fujo isihamishwe jinsi ilivyo. Kazi ilianza Ijumaa jioni, baada ya watu wote kutoka na kuzima kompyuta zao. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Faili lililofunguliwa na mtumiaji hushikiliwa na programu yake, na mara nyingi halikubali kuhamishwa wala kubadilishwa jina.

Jambo la kwanza lilikuwa kuwasha viendelezi, zile herufi za mwisho wa jina la faili, baada ya nukta, zinazoonyesha aina yake. Windows huvificha yenyewe ikiwa inavijua, kwa hiyo ndani ya folda moja yalionekana mafaili mawili yenye jina lilelile, Mkataba na Mkataba. Viendelezi vilipotokeza, moja lilikuwa .docx na jingine .pdf, yaani rasimu na nakala iliyosainiwa. Anayepanga bila kuviona atafuta moja akidhani ni nakala rudufu.

Halafu ilitolewa orodha, kabla faili lolote halijaguswa. Katika PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, Get-ChildItem pamoja na -Recurse na -File hupitia folda zote hadi chini kabisa, na Export-Csv huandika jedwali lenye njia kamili (mfuatano wa folda hadi kwenye faili), ukubwa na tarehe ya kubadilishwa. Kulipofikiwa folda za ndani sana, maandishi mekundu ya makosa yakaanza kumiminika. Njia za huko zilikuwa zimepita herufi 260, ambao ndio mpaka wa kale wa Windows. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, la mwaka 2016, mpaka huo unaweza kuondolewa kwa kubadilisha mpangilio wa mfumo, lakini programu nyingi bado zinautii, na Excel ina wake ulio mfupi zaidi, herufi 218. Njia hizo ndefu huzaliwaje, ikiwa mfumo wenyewe unazikataa? Mtumiaji anapopewa folda ya ndani kama diski yenye herufi yake, tuseme P:, kompyuta yake huanza kuhesabu kutoka hapo. Anaona njia ya herufi 90 na anaendelea kufungua folda ndani ya folda, ilhali ukihesabu kutoka juu ya diski ameshapita 260. Robocopy, programu ya Windows ya kunakili mafaili kwa amri, haina shida na njia ndefu, kwa hiyo sehemu hizo ziliorodheshwa nayo, kwa kigezo cha /L ambacho huonyesha tu kile ambacho kingenakiliwa bila kunakili kitu.

Jedwali likapangwa kwa ukubwa, kisha kwa kiendelezi, kisha kwa urefu wa njia. Ukubwa ulionyesha kwamba nafasi ilikuwa imeliwa na video chache na nakala nzima za diski za kompyuta za zamani, wala si barua na ripoti ambazo kila mtu alizilaumu. Kiendelezi kilitoa takataka zisizohitaji mjadala: Thumbs.db, desktop.ini, .DS_Store zilizoachwa na kompyuta za Mac, mafaili ya .tmp, na yale yanayoanza na ~$ ambayo Word huyaweka wakati hati iko wazi na huyaacha yatima umeme ukikatika.

Kunakili kulichukua usiku. Kila kitu kilipelekwa kwanza kwenye seva mpya kikiwa vilevile, ndani ya folda moja ya mapokezi, ili upangaji ufanyike huko na diski ya zamani ibaki bila kuguswa. Hii ina faida ya kasi pia: kuhamisha faili ndani ya diski ileile hubadilisha tu mahali lilipoandikishwa, hata kama lina gigabaiti 20, ilhali kulihamishia diski nyingine ni kulinakili lote na kisha kulifuta la kwanza. Amri ilikuwa robocopy yenye /E kwa folda zote hata zilizo tupu, /COPY:DAT kwa data, sifa na tarehe za mafaili, /DCOPY:T ili folda nazo zisibadilike tarehe, /LOG kwa kumbukumbu ya maandishi, na /R:1 /W:1. Viwili hivi vya mwisho watu huvisahau. Bila kuambiwa, robocopy hurudia faili lililokwama mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara. Piga hesabu: faili moja lililofungwa linaweza kukuchelewesha karibu siku 347. Kigezo cha /MIR kilikatazwa kabisa kwenye kazi hii, kwa kuwa hufuta upande wa pili chochote ambacho hakiko upande wa kwanza. Mtu akikosea mpangilio wa njia mbili, anakuwa amefuta asili kwa kufuata folda tupu.

Asubuhi kilichosomwa ni muhtasari ulio mwisho wa logi, hasa safu ya FAILED. Sufuri hapo ndiyo ruhusa ya kuendelea.

Nakala rudufu zilitafutwa kwa hatua mbili. Mafaili yenye ukubwa tofauti hayawezi kuwa sawa, kwa hiyo yale tu yaliyolingana kwa baiti ndiyo yaliyopelekwa kwenye Get-FileHash, ambayo hutoa alama ya SHA-256, aina ya alama ya kidole inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, yenye tarakimu na herufi 64. Alama zikifanana, yaliyomo ni yaleyale, hata majina yakitofautiana. Kuna mitego miwili. Mafaili yote yenye baiti 0 hutoa alama moja, hivyo orodha ilisema kwamba hati ya mishahara ni nakala ya picha ya sherehe; ukweli ni kwamba zote mbili zilikuwa maganda matupu, na hayo hutengwa mapema. Mtego wa pili ni hati za Word: ukiifungua na kuihifadhi tena bila kuongeza hata nukta, taarifa zake za ndani hubadilika na alama hubadilika pia. Ndiyo maana Bajeti mwisho, Bajeti mwisho kabisa na Bajeti mwisho kabisa ya kweli zililazimu kufunguliwa na mtu wa fedha mwenyewe, na hakuna programu ingemsaidia. (Ya kweli iligeuka kuwa ile ya katikati.)

Mjadala mrefu kuliko yote ulikuwa juu ya mti wa folda. Wapo waliotaka mwaka uwe juu, kisha idara, kwa kuwa miaka ya nyuma ingepelekwa ghalani kwa mkupuo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini ilishindwa na swali dogo: mtu anapokuja kutafuta mkataba, anajua nini kwa uhakika? Anajua ni mkataba. Mwaka anaukisia. Basi kazi ikakaa juu, mwaka chini yake, na aina ya hati chini ya mwaka, ngazi tatu na si zaidi. Folda za juu zilipewa namba zenye mapengo, 10_Utawala, 20_Fedha, 30_Mikataba, 40_Miradi, ili ikizaliwa idara mpya ipate 25 bila kuwasumbua majirani. Folda zilizoitwa kwa majina ya watu zilivunjwa zote. Mtu huhama, na folda yake hubaki bila mwenyewe, ikiwa na hati za idara tatu. Folda ya Mengineyo nayo haikuruhusiwa kurudi. Kwa maoni yangu ndiyo inayoua mipango mingi kuliko uvivu, maana kila asiyetaka kufikiri sekunde tano huitumia.

Majina yalifuata. Miezi ilikuwa imeandikwa kwa maneno, na kompyuta haijui kalenda: iliipanga Agosti, Aprili, Desemba, Februari, Januari, Julai, Juni, na kuendelea hivyo hadi Septemba. Tarehe za mtindo wa 03-04-2015 zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wengine walianza na siku na wengine na mwezi, na hakuna anayeweza kuamua bila kulifungua faili. Zote ziligeuzwa kuwa mwaka, mwezi, siku, 2015-04-03, kama kiwango cha ISO 8601 kinavyotaka tangu 1988. Kwa umbo hilo, mpangilio wa herufi na mpangilio wa muda vinakuwa kitu kimoja. Namba zilijazwa sufuri mbele. File Explorer tangu Windows XP inajua kuwa 2 hutangulia 10, lakini orodha zitokazo kwenye programu nyingine nyingi hupanga kwa herufi tu: 1, 10, 11, 2.

Kubadilisha jina mojamoja kwa F2 kunafaa kwa mafaili kumi. Hapa jedwali liliongezwa safu ya njia mpya, kila idara ikaipitia sehemu yake Jumamosi, kisha hati ya amri za PowerShell ikalisoma mstari kwa mstari. Kabla ya kuiendesha, safu mpya ilikaguliwa kama ina marudio, pasipo kujali herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa Windows huona Ripoti na ripoti kuwa jina moja. Move-Item, amri ya kuhamisha, ilipendelewa kuliko Copy-Item, ya kunakili, kwa sababu hiyohiyo: ya kwanza hugoma ikikuta faili lenye jina lile, ya pili hulifunika kimyakimya. Na njia ziliandikwa kwa -LiteralPath, la sivyo jina kama Ripoti [rasimu].docx lisingepatikana, maana PowerShell huyachukulia mabano ya mraba kuwa alama za kutafutia.

Tarehe ya kuundwa haikutumiwa kupangia chochote. Faili likinakiliwa kwa njia ya kawaida, Windows hulipa tarehe mpya ya kuundwa na kubakiza ile ya kubadilishwa, ndiyo maana unakuta hati iliyobadilishwa miaka kabla haijaundwa. Kwa picha za kamera, tarehe ya kuaminika ni ile ya EXIF, taarifa ambazo kamera huandika ndani ya picha. Picha zilizopitia WhatsApp huwa zimeipoteza, lakini jina lake, mfano IMG-20190312-WA0004, bado hubeba siku. Siku yenyewe ni ya kutumwa au kupokewa, ambayo huenda si ya kupigwa.

Hakuna kilichofutwa moja kwa moja. Faili linalofutwa kwenye folda ya mtandao haliendi kwenye pipa la taka la kompyuta ya mtumiaji. Linapotea papo hapo. Kila kilichohukumiwa kiliingia 99_Kufutwa.

Jumatatu asubuhi hakuna aliyelalamika kupotelewa na faili. Malalamiko yalitoka fedha: vitabu vya Excel vilivyochota namba kutoka vitabu vingine vilikuwa vinadai chanzo hakionekani. Viungo hivyo hubeba njia ya zamani ndani yake, na kupanga folda vizuri namna gani hakuvirekebishi. Vilirekebishwa kwenye kichupo cha Data, kwa Edit Links na kisha Change Source, kitabu kimoja baada ya kingine, na jedwali la njia za zamani na mpya likiwa pembeni. Njia za mkato zilizokuwa kwenye kompyuta za watu zilifutwa na kutengenezwa upya. Diski ya zamani iliwekewa ruhusa ya kusoma tu, kwani watu wawili walikuwa tayari wameanza kuhifadhi kazi mpya humo.

Kundi moja liliachwa lilivyo: kurasa zilizopigwa skana, zenye majina kama SCAN0001 na kuendelea, tarehe zote zikiwa za siku ya skana. Kuzipa majina kungehitaji macho ya mtu kwa kila ukurasa. Ziliwekwa pamoja ndani ya folda moja chini ya 10_Utawala, zikapitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi ili zitafutike kwa maneno yaliyomo, na safu yake kwenye jedwali la njia mpya ikabaki tupu.