Kamera ya tundu kwa msafiri: kwa nini nimechagua filamu ya 120

Anayetaka kusafiri na kamera ya tundu, yaani kisanduku kisicho na lenzi ambacho mwanga hukiingia kupitia kitundu kidogo kuliko kichwa cha pini, hana budi kuamua kwanza ukubwa wa filamu, ndipo achague kisanduku chenyewe. Wengi huanza na kisanduku, kwa kuwa mbao na shaba huvutia macho, lakini ukubwa wa filamu ndio unaoamua sura ya picha, uzito wa mzigo na muda utakaosimama juani. Mimi nimeamua kwa kuzingatia safari za pwani ya kusini, hasa Kilwa Kisiwani, na chaguo langu ni filamu ya 120, yaani filamu pana inayozungushwa kwenye kigurudumu, katika fremu ya mraba ya sentimita 6 kwa 6.

Sababu kubwa ni ya hesabu. Kila nukta ya kitu kinachopigwa picha huchora kwenye filamu duara dogo ambalo upana wake unakaribia upana wa tundu lenyewe, na kadiri maduara hayo yanavyoenea mengi kwenye filamu ndivyo picha inavyoonyesha mambo madogomadogo. Kulipunguza tundu husaidia hadi kiwango fulani tu, kwa sababu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika unapopita ukingoni mwake, na picha ikafifia upya. Kanuni inayohusishwa na mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh hutoa kipenyo kinachofaa: zidisha umbali wa kutoka kwenye tundu hadi filamu kwa urefu wa wimbi la mwanga, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.9. Kwa umbali wa milimita 25 jibu ni kama milimita 0.22, na watengenezaji wengi hupunguza kidogo tu hapo.

Tuseme basi tundu ni la milimita 0.18. Filamu ya 135, ile iliyozoeleka yenye fremu ya milimita 24 kwa 36, itabeba maduara kama 200 upande mrefu na 133 upande mfupi. Fremu ya mraba ya filamu ya 120, ambayo kwa kipimo halisi ina milimita 56, itabeba zaidi ya 300 kila upande. Nilitarajia kwamba filamu ya inchi 4 kwa 5 ingeziacha mbali zote mbili, lakini hesabu inakataa. Kamera ya Harman Titan, kwa mfano, ina umbali wa milimita 72 na tundu la milimita 0.35, hivyo upande mrefu wa filamu hubeba kama 340 na ule mfupi haufiki 280. Kisanduku kikikua, tundu nalo hukua. Ni kweli kwamba pembe ya mwono ya kamera hiyo ni nyembamba zaidi, na maduara hayo yote yanatumika kwenye eneo dogo la mandhari. Aliye nyumbani au mwenye gari ana sababu nzuri ya kuipenda. Kwa msafiri wa basi na boti, kubeba vibebeo ambavyo kila kimoja hukaa vipande viwili tu vya filamu, pamoja na mfuko mweusi wa kuvibadilishia ndani ya joto na vumbi, ni gharama kubwa mno kwa faida hiyo.

Filamu ya 135 nayo isidharauliwe. Hupatikana kwa urahisi zaidi, hukaa ndani ya kopo lisilopenya mwanga, na hutoa picha 36. Hata hivyo sioni haja ya picha 36 kwa kamera inayotaka mtu atue, apime na asubiri. Filamu ya 120, ambayo Kodak waliianzisha mwaka 1901, hutoa picha 12 za mraba, na 12 zinatosha asubuhi nzima. Mraba wenyewe una faida nyingine: kamera haina kioo cha kuchungulia, na kwa kuwa fremu haina upande mrefu, hakuna haja ya kuilaza wala kuisimamisha.

Kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, ambao hupimwa kwa namba za ISO, huamuliwa na jua letu. Umbali wa milimita 25 ukigawanywa kwa 0.18 hutoa f/138, kipimo cha udogo wa tundu kinachotumika kukadiria muda, na kwa filamu ya ISO 100 mchana wa jua kali picha huhitaji takriban robo tatu ya sekunde. Kwa ISO 400 muda hushuka chini ya robo sekunde, na hakuna kidole kinachoweza kufungua na kufunga kifuniko kwa uhakika kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mimi huchukua ISO 100 au 50, wala sishawishiki na filamu za kasi, hata zikiuzwa kwa bei nafuu.

Kivulini mambo hubadilika. Chini ya makuba ya Msikiti Mkuu wa Kilwa, kipima mwanga kinaweza kusema sekunde 10, lakini filamu nyingi hupoteza wepesi wake muda unaporefuka. Kwa Ilford FP4 Plus, sekunde 10 zilizopimwa huwa 18, na dakika moja huwa karibu dakika tatu. Fujifilm Acros II, iliyoingia sokoni mwaka 2019, haihitaji nyongeza hadi sekunde 120, na kwa magofu yenye vivuli vizito naiona inastahili bei yake. Jambo jingine la kuzingatia humo ndani ni upana wa pembe ya mwono, ambao kwa mraba huu unazidi nyuzi 90: nguzo iliyo hatua chache tu mbele huonekana ndogo, kwa hiyo sogea karibu kuliko macho yanavyokushauri. Kona za picha nazo hutoka na giza, jambo ambalo kwenye matao ya matumbawe hupendeza sana.

Kuhusu kisanduku, nilipima Ondu ya Slovenia, ambayo mbao zake hushikana kwa sumaku, na Zero Image 2000 ya Hong Kong, iliyotengenezwa kwa msaji na shaba. Zote ni nzuri. Nimependelea Zero kwa sababu ya msaji, mti uleule unaopandwa kwenye mashamba ya miti ya Longuza na Mtibwa nchini Tanzania, ambao mafundi wa vyombo vya bahari wanauamini kwa kustahimili unyevu. Dirisha jekundu la nyuma, linaloonyesha namba ya picha, nalifunika kwa tepu nyeusi na kulifungua kivulini tu wakati wa kuzungusha filamu.

Limebaki suala la uwanja wa ndege. Filamu isiwekwe kamwe kwenye begi la kwenda chini ya ndege, na mashine mpya za ukaguzi za CT, zinazopiga eksirei kutoka pande nyingi, huharibu filamu ya kasi yoyote, kwa hiyo inafaa kuomba kwa upole ikaguliwe kwa mkono. Hilo huwa gumu ikiwa filamu imo kwenye kamera, kwa maana mkaguzi akikutana na kisanduku cha mbao kisichofunguka ana haki ya kukishuku. Maliza filamu iliyomo kabla ya siku ya safari, kisha mwonyeshe kisanduku kikiwa wazi.