Mzigo uliosambaa nusu ya boriti
Boriti ya mita 6 ina egemeo A kushoto na B kulia; tunatafuta kila egemeo linabeba kiasi gani. Mzigo wa kN 4 (kilonyutoni, kipimo cha nguvu) kwa mita umelala mita 3 za mwanzo tu, kuanzia A. Jumla yake ni 4 × 3 = kN 12, nao unakaa katikati ya mzigo, mita 1.5 kutoka A. Wengi huuweka katikati ya boriti, wakapata A = 6 na B = 6. Tena jumla inatimia 12, kwa hiyo hesabu ya nguvu za wima haiwaumbui!

Momenti (nguvu mara umbali) kwenye A: 12 × 1.5 = 18; gawa kwa 6, umbali wa B kutoka A, B = kN 3. A inabaki na 9. Ukiona egemeo lililo karibu na mzigo halijabeba zaidi, rudi kwenye mchoro.

Mzigo wa pembetatu? Jumla ni nusu ya kitako mara kimo, na hukaa theluthi moja ya kitako kutoka upande mzito.