Kusoma vmcore ya arm64 juu ya laptopu ya amd64

Jumapili, usiku

Leo nimeshinda nikiangusha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa makusudi. Nawasha mfumo wa FreeBSD wa arm64 (usanifu mmojawapo wa prosesa) ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, naandika `sysctl debug.kdb.panic=1`, kerneli inapaniki, inamwaga kumbukumbu yake kwenye diski na kujiwasha upya. Faili linalobaki, yaani vmcore, nalihamishia kwenye laptopu yangu, ambayo ni ya usanifu mwingine, amd64, na huko ndiko nalisoma. Wengi wetu tukishaona kgdb, dibaga (programu ya kuchunguza hitilafu) ya kerneli, imefungua faili na kuchapa mlolongo wa miito, tunahesabu kazi imekwisha. Mimi naona kazi inaanzia hapo. Faili kufunguka si ushahidi kwamba kilichosomwa ni cha kweli.

Haja ya jambo hili ni ya kila siku. Kisanduku kidogo cha arm64 kilichofungwa kwenye kabati mbali na ofisi hakina nafasi ya kubeba kernel.debug, faili lenye taarifa za uchunguzi wa kerneli, pamoja na dibaga nzima, na kikianguka watu wanataka kirudi kazini saa ileile. Uchunguzi utafanyika kwingine, juu ya mashine kubwa zaidi, na mara nyingi mashine hiyo ni ya usanifu mwingine.

Kerneli iliyopaniki haiwezi tena kuuamini mfumo wake wa mafaili. Kwa hiyo inaandika moja kwa moja kwenye kifaa ilichopangiwa, kwa kawaida sehemu ya swapu (eneo la diski linalosaidia kumbukumbu), tena upande wa mwisho wa sehemu hiyo. Mashine ikiwaka upya, savecore inakuja kuokota kilichoandikwa na kukiweka /var/crash kwa jina la vmcore.0, pamoja na info.0 yenye maelezo mafupi. Katika minidampu, yaani dampu (nakala ya kumbukumbu) iliyofupishwa, haiandikwi kumbukumbu yote, ila kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, ambazo kerneli yenyewe inazitumia. Mwanzoni mwa faili kuna kichwa chenye maneno "minidump FreeBSD/arm64", kisha ujumbe wa kerneli, ramani ya biti inayosema ni kurasa zipi zimehifadhiwa, majedwali ya kurasa, na mwisho kurasa zenyewe.

Sasa fikiria dibaga inataka kusoma pointa moja tu, yaani thamani inayotaja anwani ya kitu kwenye kumbukumbu. Inachukua anwani ya kerneli, inaitafuta katika jedwali la kurasa, inapata anwani halisi ya kumbukumbu, inaangalia kama biti ya ukurasa huo imewashwa, halafu inahesabu biti zote zilizowashwa kabla yake ili ijue ukurasa umekaa wapi ndani ya faili. Kila hatua kati ya hizo ina desturi za prosesa husika. Ukubwa wa ukurasa, sura ya kila ingizo la jedwali, mahali ramani ya moja kwa moja ya kumbukumbu inapoanzia na kuishia, vyote hivyo vinabadilika ukihama usanifu. Msimbo uliozoea kuuliza mambo hayo kwa vichwa (mafaili ya maelezo ya miundo) vya mashine unakokompailiwa utapata majibu bila kulalamika, ila majibu yatakuwa ya mashine nyingine.

Hiyo ndiyo sababu naiheshimu sana kazi iliyofanywa ndani ya libkvm, maktaba ya kusomea kumbukumbu ya kerneli, kabla ya FreeBSD 11, iliyotoka mwaka 2016. Zamani kvm_read, funksheni yake ya kusoma, ilipokea anwani kama `unsigned long`, yaani upana wake ulifuata mashine ya msomaji. Msomaji wa biti 32 asingeweza hata kuitaja anwani ya kerneli ya biti 64. Ikaja kvm_read2 yenye aina ya kvaddr_t, ambayo ni biti 64 popote uendapo, na kvm_open2, ambayo inamwachia anayeiita kazi ya kutafuta simboli, yaani majina ya vitu vya kerneli na anwani zake. Ndani yake kuna vifanyio vidogo vya kugeuza mpangilio wa baiti, na kila usanifu una faili lake la kujua sura ya dampu zake. Ukiusoma msimbo ule unaona mtu aliyekaa akajiuliza, mstari baada ya mstari: hapa nilikuwa nadhania nini?

Swali hilo ndilo nililolichukua kutengeneza majaribio yangu.

Nimeandika moduli ndogo ya kerneli yenye muundo mmoja: herufi moja, kisha namba ya biti 64 yenye thamani 0x0102030405060708, kisha pointa, kisha namba ya biti 16. Muundo huo umepangwa hivyo kwa sababu. Herufi ya mwanzo inalazimisha kompaila kuacha nafasi tupu, na nafasi hiyo si lazima ilingane kati ya usanifu mmoja na mwingine. Namba ndefu inafichua mpangilio wa baiti papo hapo. Kabla ya kupaniki, moduli inachapa thamani zote na anwani zake, kwa hiyo zinabaki kwenye ujumbe wa kerneli ndani ya dampu ileile. Baadaye namwomba kgdb anisomee muundo na ninalinganisha. Jaribio lisilo na jibu linalojulikana mapema halinisaidii, maana dibaga iliyopotoka inaweza kukuchapia takataka zilizopangika vizuri kabisa.

Lakini sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ambayo nadhani ndiyo tajiri kuliko zote, ni nyuzi, yaani mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba. Dampu haina nyuzi za aina moja. Kuna uzi uliopaniki, ambao rejista zake (thamani zilizomo ndani ya prosesa) zimehifadhiwa katika dumppcb. Kuna nyuzi zilizokuwa zikikimbia kwenye prosesa nyingine wakati huo. Hizo zilisimamishwa ghafla, na hali yao imo katika stoppcbs. Kuna nyuzi zilizolala zikisubiri kitu, na hizo unazipata kupitia td_pcb ya kila mmoja. Ukijaribu uzi uliopaniki peke yake umeonja njia moja kati ya tatu. Kwa hiyo QEMU naipa prosesa nne, moduli inaanzisha uzi mmoja unaozunguka bila kukoma na mwingine unaolala, ndipo wa tatu anapaniki. Halafu nataka mlolongo kamili wa miito kwa wote watatu, wenye majina ya funksheni nilizoziandika mimi, hadi chini kabisa.

Na hapo ndipo dhana za siri hupenda kujificha. Muundo wa pcb, rekodi ya hali ya uzi, unahifadhi rejista, na rejista za arm64 hazifanani hata kidogo na za amd64. Njia rahisi ya kuandika dibaga ni kujumuisha kichwa cha mfumo na kutumia offsetof kujua rejista fulani iko baiti ya ngapi. Kwenye mashine ya aina ileile, hilo linafanya kazi miaka na miaka. Ukivuka usanifu, kichwa kilichojumuishwa ni cha msomaji. Ndiyo maana msimbo wa kgdb wa kuvuka usanifu unapaswa kujua nafasi hizo bila kuuliza vichwa vya mashine unakokompailiwa. Na muundo huo unaweza kubadilika hata kati ya toleo na toleo la usanifu mmoja, kwa hiyo majaribio yangu yanarudiwa kwa kila toleo ninalolitunza.

Kuna majaribio ya kukataliwa pia, na nayapenda kuliko nilivyotarajia. Nampa kgdb kerneli ya amd64 na vmcore ya arm64. Libkvm inaamua usanifu kwa kuangalia faili la kerneli, kisha inasoma kichwa cha dampu, inaona maneno hayalingani, na kusema hii si minidampu ya jukwaa hili. Safi sana. Dibaga inayokataa kwa sauti inanipa imani kuliko inayobahatisha. Ila maneno yale ya kichwa yanataja usanifu tu, hayataji ni ujenzi upi wa kerneli. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya skripti yangu ni kulinganisha maelezo ya toleo yaliyomo kwenye info.0 na kerneli niliyonayo mkononi. Yasipolingana, hakuna kuendelea.

Kwa namna hiyohiyo, usitegemee `ps -M`, amri ya kuorodhesha michakato kutoka kwenye dampu, kwa dampu ya kigeni. Programu kama hiyo imekompailiwa ikiwa na umbo la miundo ya mashine yake. Kgdb inafaulu kwa sababu umbo la kila muundo inalisoma katika taarifa za DWARF (maelezo ya miundo yanayoachwa na kompaila) zilizomo ndani ya kernel.debug ya mashine iliyoanguka. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutunza kernel.debug ya kila kerneli unayoisambaza, hata kama inakula diski.

Jioni nimehamia powerpc64, ambayo baiti nzito inatangulia, tofauti na laptopu yangu. Mtu aliyezoea Kiswahili cha hati za Kilatini akipewa utenzi wa hati za Kiarabu, lugha ni yake lakini akianzia ukingo wa kushoto hapati neno hata moja. Namba yangu ndefu ndivyo itakavyotoka, 0x0807060504030201, ikiwa mahali fulani mtu amesahau kugeuza. Usanifu huu ni mtihani mgumu kuliko arm64, kwa sababu arm64 na amd64 kwenye FreeBSD zote zinatanguliza baiti nyepesi. Anayejaribu hizo mbili tu anaweza kuruka ugeuzaji wote na bado majaribio yake yakapita.

Kuhusu kubeba dampu kutoka mashine hadi mashine nina neno moja zito. Kumbukumbu ya kerneli inaweza kuwa na funguo na siri za watu. Tangu FreeBSD 12 unaweza kumpa dumpon, amri ya kupanga dampu iandikwe wapi, ufunguo wa umma, dampu ikaandikwa ikiwa imefichwa, na decryptcore ikaifungua baadaye kwa ufunguo wa faragha. Kwa faili linalosafirishwa kwenda kwenye laptopu ya mtu, mimi naona hilo ni wajibu, na nimeliweka ndani ya majaribio ili njia hiyo nayo isioze.

Kilichobaki wiki hii ni kupitisha dampu hizohizo kwenye lldb, dibaga nyingine, ambayo tangu toleo la 14 mwaka 2022 inajua kusoma vmcore za FreeBSD bila kupitia kgdb. Dibaga mbili zilizoandikwa na mikono tofauti zikiutaja mlolongo uleule kwa uzi uliosimamishwa, nitaliweka jaribio hilo kwenye ujenzi wa kila usiku. Zikitofautiana, nitaanza na stoppcbs.