Laki sita ya kwenye usaili na laki sita ya kwenye mkataba

Usaili unafanyika kwenye ukumbi wa hoteli Mbeya mjini. Unaambiwa kazi ni afisa masoko, mshahara laki sita, kituo Mbeya. Unaacha kibarua ulichonacho, kisha unaletewa mkataba wa miezi sita wenye maneno "kituo cha kazi ni Nyanda za Juu Kusini na popote mwajiri atakapoona inafaa". Kwa sentensi hiyo moja wanaweza kukupeleka Chunya, Tunduma au Makambako bila kukuuliza, na laki sita ya anayelala kwao Uyole si sawa na ya aliyepanga chumba Tunduma. Omba wilaya itajwe, na iandikwe nani analipa nauli na malazi ukihamishwa.

Linaloumiza watu zaidi, kwa maoni yangu, ni kichwa cha habari cha mkataba. Usaili ulikuwa wa ajira. Karatasi inasema "Mkataba wa Kutoa Huduma". Piga hesabu. Kwenye ajira, laki sita ghafi inakatwa 60,000 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kisha PAYE (kodi ya mshahara) 24,000, unabaki na 516,000. Kwenye mkataba wa huduma inakatwa kodi ya zuio asilimia 5 tu, yaani 30,000, unapokea 570,000. Unaona umepata zaidi. Lakini NSSF hakuna kitu, wakati kwenye ajira zingeingia 120,000 kila mwezi, nusu yake kutoka kwa mwajiri. Likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo nayo imepotea, na ukiugua hulipwi.

Jina la mkataba halimalizi habari, na hili wengi hawaambiwi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinakuchukulia kuwa mwajiriwa hata likitimia jambo moja tu kati ya yanayotajwa: saa zako zinapangwa na wao, unaelekezwa namna ya kufanya kazi, vifaa ni vyao, unamtumikia mtu mmoja tu, au kipato chako kinamtegemea yeye. Mwajiri anaweza kupinga, kwa hiyo tunza ushahidi: picha ya daftari la mahudhurio, ratiba ya zamu, kitambulisho, meseji za bosi.

Siku ileile ya usaili watumie ujumbe: "Nashukuru kwa usaili wa leo. Nimeelewa kuwa ni ajira, kituo Mbeya mjini, mshahara ghafi 600,000, saa 45 kwa wiki. Kama kuna nilichokosea naomba mnirekebishe." Wakijibu "sawa", una maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe masharti hayo kwa maandishi unapoanza kazi; mkifikishana mbele ya sheria akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Kama hawajibu, usiandike barua ya kuacha kazi ya zamani.

Ikiwa umeshaingia na mambo yameharibika, nenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi zao zipo Mbeya na Iringa. Ukiachishwa kazi una siku 30 za kufungua mgogoro; madai mengine, kama mshahara pungufu, siku 60. Unajaza Fomu Namba 1, na nakala lazima imfikie mwajiri kwanza: apokee kwa saini au muhuri, ndipo uipeleke Tume pamoja na uthibitisho huo. Watu wengi hurudishwa mlangoni kwa kukosa saini hiyo huku siku zikihesabiwa.