Njia inaishia kwenye mataa: siku yangu moja kazini

Saa 11:10 alfajiri

Adhana ya Manzese ndiyo saa yangu ya kuniamsha. Kabla ya chai nabonyeza tairi kwa kidole gumba. Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, ile yenye kikapu mbele na dainamo inayosuguana na tairi. Aliyeniuzia ni fundi wa mtaani kwetu, na mpaka leo akiniona ananiuliza kama tayari nimefunga nayo ndoa. Leo tairi la nyuma limelegea. Napiga pampu, najaza chupa ya maji, natia kikapuni chaki, futikamba na vizibao vinne vya kung'aa.

"Ukifika utume meseji," mama anasema kutoka ndani. Ananiambia hivyo kila siku tangu mwaka ule niliogongwa.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi sanifu wa barabara kwenye ofisi ndogo ya wahandisi hapa Dar. Nahesabu vyombo vinavyopita, napima, nachora makutano. Watu wakisikia barabara wanawaza lami. Lami haina maneno. Maneno yapo pale barabara mbili zinapokutana.

Saa 12:15 asubuhi

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, kilomita zipatazo 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, pembeni yake tulipata pia njia ya miguu na baiskeli. Jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, nami nikajivuna utadhani nilichimba msingi kwa mikono yangu.

Asubuhi hii naifuata njia hiyo kuelekea Magomeni. Karibu na Tip Top kuna bodaboda sita zimepaki upana mzima, madereva wamekaa juu yake kama ndege kwenye waya. Mbele kidogo, mama wa vitumbua na karai lake. Simlaumu, maana mimi mwenyewe nanunua vitumbua vyake, na kununua kunanilazimu nisimame hapohapo njiani. Argentina pamefunguka, Kagera pamefunguka, hewa bado ya baridi, mwendokasi linapita katikati limejaa hadi mlangoni. Kwa dakika kadhaa unasahau kabisa kwamba uko Dar.

Halafu unafika kwenye mdomo wa mtaa unaoingia barabara kuu. Njia inakatika. Ukingo wa zege unashuka ghafla, mikono inapokea mshtuko, unavuka mdomo wa mtaa ukitazama nyuma begani, kisha unatafuta pa kupandia upande wa pili. Kwenye mdomo mmoja mtu ambaye hatujawahi kumjua amemwaga sementi kidogo kutengeneza mteremko. Haujanyooka, una alama ya kandambili katikati, na kila baiskeli na kila mkokoteni unapita juu yake. Huwa nausalimia kimoyomoyo. Fundi mwenzangu yule.

Saa 1:00 asubuhi

Tumefika kwenye makutano yetu. Sitayataja, mchoro bado haujapitishwa. Tuko wanne: mimi, dereva wa ofisi, na wanafunzi wawili walio fildi. Kila mmoja ana pembe yake na karatasi yake. Ukiona chombo unapiga kijiti, vijiti vinne, cha tano kinakatiza.

Fomu tuliyoikuta ofisini ilikuwa na safu ya magari madogo, daladala, mabasi, malori ya aina tatu, pikipiki, bajaji. Baiskeli ilikuwa imo kwenye "Nyinginezo", pamoja na mikokoteni, matoroli ya maji na, mwaka jana, ng'ombe mmoja. Kisichohesabiwa hakichorwi. Nilisumbua miezi miwili mpaka baiskeli ikapata safu yake. Bosi alikubali kwa shingo upande, akasema nisije kulalamika ikibaki nyeupe.

Mpaka saa 2 upande wangu nilikuwa nimeshageuza karatasi. Mikate, maziwa, mkaa, mafundi na misumeno yao, mlinzi anayerudi toka lindo akiwa na usingizi, wanafunzi wawili juu ya karia moja.

Saa 2:20 asubuhi

Hapa nitakaa kidogo.

Mzee wa mkaa amesimama kwenye taa nyekundu. Magunia mawili ubavuni, moja juu ya karia, na yeye mbele yake mwembamba kama kijiti cha kuchokonolea meno. Mguu wa kushoto ameuweka juu ya ukingo, maana baiskeli yenye mzigo ule ukiiachia inalala. Kulia kwake limesimama lori la mchanga, tani kumi na zaidi, linataka kukata kushoto.

Taa inawaka kijani. Mzee anasukuma. Baiskeli yenye mkaa haiondoki, inajikongoja: pedeli moja, usukani unayumba kulia, unayumba kushoto, pedeli ya pili. Lori nalo limeanza. Kichwa chake kinakwenda mbele kwanza, kinampita mzee, ukitazama unaona nafasi ipo. Kisha linakata. Na hapa ndipo watu wengi hawajui: magurudumu ya nyuma ya lori hayafuati ya mbele. Yanavuta ndani, yanaikata kona. Nafasi uliyoiona sekunde mbili zilizopita inajifunga kama mlango.

Breki za mzee hazipo siku nyingi. Akafanya anachofanya siku zote: akapachika wayo wa kandambili kwenye tairi la mbele. Raba juu ya raba, ikalia. Tairi la nyuma la lori likagusa gunia la kulia, gunia likachanika, mkaa ukamwagika barabarani. Lori likaenda zake. Dereva hakusimama kwa sababu hakujua.

Tulikimbia na kizibao kuzuia magari, tukaokota naye mkaa. Alikuwa anasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, kila kipande kinachorudi kwenye gunia, Alhamdulillahi.

Wanafunzi wangu walimtukana dereva. Nikawaambia wapande ngazi ya lori jingine lililokuwa limesimama, dereva wake akaturuhusu, wakae kwenye kiti chake wanitafute mimi nikiwa nimesimama na baiskeli ubavuni kushoto. Hawakuniona. Huku kwetu tunaendesha kushoto, usukani uko kulia, kwa hiyo ubavu wa kushoto chini ya dirisha ndio upande wa giza. Na sisi wenye baiskeli sheria na desturi vinatuweka kushoto. Yaani tumeelekezwa kusimama palepale tusipoonekana.

Mimi ilikuwa pikapu, si lori. Ilikata kushoto mbele yangu, mtulinga ukavunjika. Miezi mitatu sikuinua mkono kusuka nywele. Mwenye pikapu alinipeleka hospitali mwenyewe, analia kuliko mimi.

Saa 4:00 asubuhi

Askari wa trafiki ametupa saa moja ya kujaribu. Tuna koni kumi na mbili na chaki.

Kona hii imechongwa kwa nusu kipenyo cha mita 15. Kwa anayeendesha gari ni raha: huhitaji kupunguza mwendo, unaichota tu. Tumechora mistari miwili kwenye lami, mita 10 kati yake, na ninashika sekunde kwa simu. Teksi inakuja: sekunde 1 na nusu. Hiyo ni kilomita 24 kwa saa, huku anakata kona, jicho lake likiwa kulia kutazama magari yanayomjia.

Tunapanga koni kana kwamba kona ni ya mita 6. Teksi nyingine, ya aina ileile: sekunde 2 na nusu. Kilomita 14. Mwendo wa baiskeli. Dereva analazimika kuikata kona karibu kwa pembe mraba, na akiikata hivyo kioo cha mbele kinamgeukia anayevuka. Sikumwomba mtu awe mwema wala sikuweka bango la "Jali maisha". Koni kumi na mbili tu.

Konda wa daladala akatoa kichwa: "Sista, mnatubania njia!" Nikamjibu ndiyo, ndiyo kazi yenyewe. Abiria wakacheka.

Saa 6:45 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie, nyuma ya kituo. Mzee wa mkaa amekaa kwenye benchi, anashona gunia kwa sindano ya mfupa na uzi wa katani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mnaandika nini pale tangu asubuhi?"

Nikamweleza, njia za baiskeli na makutano. Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Njia zenu nazijua. Zinanisindikiza vizuri kabisa barabara nzima, halafu zinaniaga kwenye mataa."

Nimesoma vitabu vya usanifu, vingine vinene kama tofali. Hakuna sentensi iliyonikaa kama hiyo.

Nikamuuliza angetaka nini. Hakutaja njia. Alitaka aruhusiwe kuanza kabla ya malori, "nikishanyooka sina shida na mtu." Na ndicho kilichomo kwenye vitabu vile vinene: taa ya baiskeli iwake sekunde chache kabla ya taa ya magari, na mstari wa kusimamia baiskeli uwe mbele ya mstari wa magari, mzee awe mbele ya kioo cha lori badala ya ubavuni.

Saa 8:30 mchana

Ofisini, feni inazungusha joto. Nachora.

Ninachokichora kinatumika sana Uholanzi, ila huko wanaendesha kulia, kwa hiyo kila kitu nakigeuza kama kwenye kioo. Kwenye kila kona kisiwa kidogo cha zege. Njia ya baiskeli inapita nyuma yake, na kivuko kinarudishwa ndani kiasi cha mita 5, urefu wa gari moja. Gari likishakata kona linakuwa limenyooka kabla ya kukifikia kivuko, dereva anamwona mwendesha baiskeli mbele yake, na akisimama kumpisha hazuii walio nyuma. Anayetaka kwenda kulia haingii katikati ya magari: anavuka moja kwa moja, anasubiri nyuma ya kisiwa cha pili, anavuka tena.

Bosi akaja na kikombe chake cha chai ya tangawizi. Yeye anataka kona ya kushoto iachwe wazi, magari yakate bila kusimama, maana foleni ya saa 12 jioni itamlalia mteja shingoni.

"Hii ni Dar, si Uholanzi," akasema. "Wale wamezaliwa na baiskeli."

Nilikuwa nalingoja hilo. Wale nao miaka ya 1960 walikuwa wanabomoa mitaa kupisha magari. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu wapatao 3,300, zaidi ya 400 kati yao watoto, ndipo wazazi wakaingia mitaani kuandamana. Makutano haya wameyatengeneza baada ya kuzika.

Bosi akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la kweli: "Na lori la mchanga litapita wapi kwenye kona yako ya mita 6?"

Swali zuri, na jibu lake ni la kupendeza. Ukingo wenyewe unauchonga kwa kona pana ya kulitosha lori. Mbele yake unatandika kijukwaa cha mawe yaliyochomoza kidogo, kinachoijaza ile nafasi mpaka kona inabaki ndogo. Lori linapanda juu yake kwa magurudumu ya nyuma bila tabu. Gari dogo likipanda linatikisika, chai inamwagika, kwa hiyo halipandi. Kona mbili ndani ya moja.

Akatazama karatasi za asubuhi, ile safu aliyosema itabaki nyeupe. Akazigeuza nyuma, nako kumejaa. Hakusema kitu. Akaenda na kikombe chake.

Mchana wote uliobaki ulikuwa wa kuingiza vijiti kwenye kompyuta. Hauna hadithi.

Saa 12:50 jioni

Giza la Dar haliombi ruhusa. Nawasha dainamo, pedeli zinakuwa nzito, taa inatoa mwanga wa mshumaa. Napitia makutano yetu makusudi. Koni tulishazitoa, lakini chaki ipo, na vumbi la mkaa bado jeusi pale kwenye kona. Daladala linaikata kona juu ya mstari wetu wa mita 6 bila kugusa breki. Nashuka, navuka kwa miguu nikiwa nimeshika usukani. Ndiyo, mchoraji wa makutano anavuka makutano akikokota baiskeli.

Kwenye ule mteremko wa sementi karibu na nyumbani kumemeguka kipande. Mtu ameshaweka jiwe.

Saa 3:15 usiku

Nimekula, nimemtumia mama meseji ya "nimefika" akiwa chumba cha pili, tumecheka. Simu inalia. Bosi.

*Kona ya kaskazini, 6 au 8?*

*6*, nikaandika.

Akakaa dakika nzima anaandika, anafuta, anaandika.

*Weka 8.*

Nikafungua kompyuta. Ukingo 8, kama alivyosema mkubwa. Mbele yake kijukwaa cha mawe, kinachoirudisha kona kwenye 6.