Chupa ya mofini kwenye sanduku la khanga

Nesi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso ya ugonjwa mzito, alipobisha hodi kwetu Mbagala, mwaka 2023, mama alikuwa anachambua mchele ukumbini na hakuinuka. Alijua kilichomleta. Jana yake daktari alikuwa ametueleza, mimi na dada, bila kuzunguka: valvu mbili za moyo wa mtoto, vile vilango vya kupitishia damu, zimeharibika, moyo umetanuka, misuli imechoka kiasi kwamba upasuaji ungemmaliza.

Mtoto mwenyewe, binti wa dada, alikuwa na miaka 13. Yalianza kama mafindofindo, yale ya kila mtoto wa uswahilini: asali na ndimu, basi. Kwake mwili uliokuwa ukipambana na vijidudu vya kooni ukageuka kushambulia viungo na moyo. Magoti yakavimba, tukaambiwa anakua. Akaanza kuhema, tukaambiwa pumu. Hadi anapimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, miaka ilishapita.

Usiku alikuwa halali, anaketi. Tulimpangia mito ukutani; akiteleza tu akalala chali, anashtuka macho yamemtoka kama mtu anayezama. Miguu ilivimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Lasiksi, vidonge vya kutoa maji mwilini, zilisaidia, lakini hazikutosha.

Nesi akatoa chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, kwenye mkoba. Mama akaitazama.

"Hiyo si ndiyo wanayopewa watu wa saratani kule hospitali ya Ocean Road?"

"Ndiyo hiyo, bibi."

"Basi mjukuu wangu mmeshamkatia tamaa. Na mnataka afe teja."

Nesi hakubishana. Aliomba maji ya kunywa, akakaa mkekani, akavuta ungo upande wake na kuanza kutoa chuya. Alizungumza huku mikono inaendelea. Mofini haitengenezi valvu, alisema. Kwa dozi ndogo inapunguza ile hali ya kuhisi unakosa hewa. Dawa za moyo zinaendelea vilevile, kliniki hajafukuzwa. Anapimiwa kwa bomba lisilo na sindano, mdomoni, kila baada ya saa 4. Itamfungia choo, kwa hiyo ameleta na dawa ya kulainisha. Teja anatafuta kulewa, bibi. Huyu anatafuta kulala.

Hapa bado naudhika. Watu, hata wenye shule zao, wanadhani tiba shufaa ni ya saratani, tena ya siku za mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtoto ianze pale ugonjwa unapogundulika, sambamba na matibabu mengine. Yetu ilikuja wakati daftari za shule zilishawekwa juu ya kabati.

Kisha akamgeukia mtoto. "Wewe mwenyewe, nini kinakukera zaidi?"

Watu wazima wote tulikuwa na jibu tayari: pumzi.

"Sindano."

Ile penisilini ya kila wiki 4, ya kuzuia vijidudu vya kooni visirudi, ya makalioni, nzito, inayomwacha anachechemea. Alikuwa anaanza kulia tangu usiku wa kuamkia kliniki, nasi tukimwambia ajikaze. Nesi akampigia daktari palepale, na sindano ikabadilishwa kuwa vidonge. Kumbe kwa wenye moyo uliochoka sana, madaktari siku hizi hupendelea vidonge, maana sindano yenyewe inaweza kuwazimisha.

Mtoto alipoona mambo yanakwenda, akaongeza haraka: "Na mboga isiyo na chumvi!"

Tukacheka, mama naye akacheka. Chumvi ikaruhusiwa, ya kuonja.

Dozi ya kwanza mama alitaka ampe kwa mkono wake. Usiku huo mtoto alilala ubavu, kwa mito miwili, na dada akawa anaamka kumsikiliza kama anapumua.

Alifariki nyumbani kabla mwaka haujaisha, hahangaiki, sote tukiwepo. Lakini miezi ile ya katikati mama ndiye aliyekuwa mwenye zamu. Aliweka kengele kwenye kitochi chake, saa 10 alfajiri yuko macho, na aliyechelewesha dozi alimsikia. Chupa aliifungia kwenye sanduku lake la khanga, ufunguo kiunoni. Jirani mmoja alipopata habari akaja kuomba tone tu, la magoti.

"Magoti kachue mafuta ya karafuu," mama alimwambia mlangoni. "Hii ina mwenyewe."