Msimu Nilipoongeza Mwezi wa Pili

Riwaya yangu ya kwanza ya fantasia ilikuwa imekamilika, mhariri amekwisha kuipitia na mchoraji amekwisha kukabidhi jalada, nilipoamua kuweka mwezi wa pili katika anga ya ulimwengu wake. Hakuna aliyenishurutisha. Kwa kuwa nilikuwa nikijichapishia mwenyewe, hapakuwa na kampuni ya kunipangia tarehe wala bodi ya kunikatalia. Nilikuwa mimi, mswada wenye kurasa zaidi ya 400, na sura moja karibu na mwisho ambayo kila nilipoisoma ilinipita bila kunigusa.

Sura hiyo ilihusu mji wa kisiwani uliozingirwa na meli za adui kwa msimu mzima. Mhusika wangu mkuu, binti wa mlinda lango la bahari, alipanda juu ya ukuta, akatamka maneno ya nguvu aliyorithi kwa bibi yake, bahari ikagawanyika, na watu wakavuka kwa miguu hadi bara. Nilikuwa nimeiandika kwa upendo na sentensi zake zilikuwa na mdundo niliouridhia. Lakini tukio la bahari kugawanyika kila msomaji amelisikia katika maandiko tangu utotoni, na zaidi ya hapo, wokovu ule haukumgharimu binti chochote isipokuwa pumzi. Mhariri wangu, mama wa makamo aliyekuwa amehariri vitabu vya watu wengine kwa miaka mingi kabla ya kuanza kufanya kazi kwa kujitegemea, aliandika pembeni mwa ukurasa maneno machache tu: "Mwanangu, bahari imemtii upesi mno."

Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu. Wakati huo niliandika alfajiri, kabla ya kwenda kwenye ajira iliyonilisha, na jioni niliporudi sikuwa na nguvu ya kutunga bali ya kusoma na kusahihisha tu. Saa zile za alfajiri zilikuwa chache na za thamani, hivyo niliona uchungu kuzitumia kwa kukodolea macho sura ambayo kwa haki ilikuwa imekwisha. Hata hivyo, kadiri nilivyozidi kuitazama ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mama yule alikuwa amegusa jambo lililo zito kuliko sura moja. Msomaji wa fantasia ni mkarimu mno mwanzoni. Ukimwambia kwamba mawe huongea, atakubali na kufungua ukurasa unaofuata. Akishakubali, hata hivyo, hutaka mawe hayo yaongee kwa kanuni moja hadi mwisho, na hutaka ajue ni nini yasichoweza kusema, kwa sababu bila mpaka huo hawezi kumhofia mhusika wala kumtumainia.

Basi nikaanza kujiuliza ni kanuni gani ya ulimwengu wangu ingeweza kuifunua sakafu ya bahari bila mtu yeyote kuiamuru. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote anayekaa karibu na maji, nalo ni kupwa. Katika bahari yetu maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda unaozidi siku moja kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi huyavuta maji yaliyo upande wake kwa nguvu kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na kuivuta dunia kwa nguvu kuliko maji ya upande wa mbali. Jua nalo lina mvuto wa namna hiyo, ingawa haufiki nusu ya ule wa mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, viwili hivyo huwa katika mstari mmoja na kusaidiana, ndipo huja bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Unapokuwa nusu, vinavutana kwa pembe na kuleta maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Bamvua ya kawaida, hata hivyo, huja kila baada ya wiki mbili. Kama ingetosha kuufunua mkondo kati ya kisiwa na bara, adui angekuwa ameuvuka zamani. Nilihitaji bamvua ya nadra, ambayo mzee mmoja tu mjini angeikumbuka, na ndipo nilipofikiria mwezi mwingine.

Sikutaka uwe pambo. Picha nyingi za fantasia zina anga yenye duara mbili au tatu zinazong'aa ilhali bahari iliyo chini yake imetulia kama ya dunia yetu, jambo ambalo naliona kuwa ni kupoteza hazina. Nilichukua daftari la mraba na kuanza hesabu kutoka kwenye mambo yanayojulikana. Uwezo wa kuinua maji hufuata mchemraba wa umbali: kitu kikisogezwa hadi nusu ya umbali wake wa awali, huinua maji mara nane. Kwa hiyo niliuweka mwezi wa pili katika nusu ya umbali wa ule wa kwanza na kuupa sehemu moja ya nane ya uzito wake, ili nguvu zao juu ya bahari zilingane. Kama umeumbwa kwa mawe ya aina ileile, upana wake ungekuwa nusu, na kwa kuwa uko karibu mara mbili, mtu aliyesimama ufukweni angeiona yote miwili kwa ukubwa mmoja. Sikuwa nimelitafuta jambo hilo, hesabu ndiyo iliyonipa, na asubuhi ile nilikwenda kazini nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Kilichoitofautisha ilikuwa mwendo. Mwezi wetu hukamilisha mzunguko wake kwa siku 27 na kidogo. Mwingine ulio katika nusu ya umbali huo hauna budi kuzunguka kwa siku zisizotimia 10. Wa kwanza huchelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi kila siku, ilhali wa pili ungechelewa kwa zaidi ya saa mbili na nusu, ukionekana leo jirani na nyota fulani na kesho mbali nayo kabisa. Watu wa mji wangu wangeliona hilo na kuipa majina, nami nikawasaidia: ule wa polepole ukaitwa Mkongwe, na ule wa haraka ukaitwa Mtoro.

Kisha nikakata duara mbili za karatasi ngumu, moja ndani ya nyingine, nikazitoboa katikati na kuzifunga kwa pini ili ziweze kuzungushwa, na pembeni nikaandika mahali pa jua. Chombo hicho kilinifundisha zaidi ya fomula. Nilipowapanga Mkongwe na Mtoro katika mstari mmoja na jua, bamvua ilizidi ile ya kawaida kwa karibu theluthi mbili, juu na chini, na kwa hesabu yangu msimu wa bamvua kuu kama hiyo ungerudi kila baada ya miezi 20 hivi. Nilipowaweka kwenye pembe mraba, jambo lingine lilijitokeza ambalo sikulitarajia hata kidogo: kwa kuwa nguvu zao ni sawa, kila mmoja anafuta kazi ya mwenzake, na bahari inabaki na mvuto hafifu wa jua peke yake. Zingekuwepo siku ambazo maji karibu hayajai wala hayapwi. Nilizitazama zile duara na kuona uchumi mzima wa mji ukizaliwa: wajenzi wa gati wanaosubiri siku hizo ili waweke mawe, mabaharia wanaoziogopa kwa sababu vyombo vilivyokwama mchangani havielei, na adui anayezitumia kutia nanga karibu na ukuta bila hofu ya kupwelewa.

Bibi wa binti akabadilika pia. Badala ya maneno ya nguvu, alimwachia mjukuu wake kamba ndefu yenye mafundo, kila fundo likiwa bamvua moja, na fundo kubwa kwa kila bamvua kuu aliyoishuhudia katika uhai wake. Uganga wa binti ukawa kuhesabu na kungoja. Sasa wokovu ulikuwa na gharama, maana alijua usiku utakaofaa, na hadi usiku huo ufike ilimlazimu akatae kufungua lango hata watu walipomlilia kwa njaa, hata kaka yake alipoamua kuvuka mapema katika bamvua ya kawaida na maji yakamrudia njiani. Sikupenda kumuua kijana yule. Nilimwandika tangu sura ya pili na alikuwa mcheshi, lakini bila yeye kamba ile ingekuwa mapambo tu.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya subira. Katika programu ya majedwali nilipanga kila siku ya hadithi kwenye mstari wake, nikaandika umbo la Mkongwe, umbo la Mtoro, saa ya kujaa na saa ya kupwa, kisha nikaupitia mswada kutoka neno la kwanza nikitafuta kila mahali palipotajwa usiku, kivuli, pwani au safari ya chombo. Katika bandari moja maji ya bamvua hupwa takriban saa zilezile za siku, nami nilichagua saa za usiku wa manane ili uvukaji ufanyike watu wa melini wakiwa wamelala. Nilichagua vilevile bamvua inayotokea miezi yote ikiwa upande wa jua, ili usiku kucha pasiwe na mwanga. Uamuzi huo ulinilazimu kuandika upya tukio nililolipenda kuliko yote, pale mama na binti waliopoteana katika zahama wanapokutana katikati ya mkondo mkavu. Hapo awali liliandikwa hivi: "Mama aliuona uso wa binti yake katika mbalamwezi, akajua kwamba ni yeye." Mbalamwezi haikuwepo tena. Nilihangaika na sentensi hiyo kwa siku kadhaa, na iliyobaki kitabuni ni hii: "Mama alipapasa gizani hadi akaupata mkono, akavihesabu vidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye kile kilichopinda tangu utotoni hakuhesabu tena." Mpaka leo naiona kuwa sentensi bora katika kitabu chote, na naamini nisingeifikia kama anga isingeninyima taa.

Gharama za nje ya hadithi zilikuwa zangu pia. Jalada lilionyesha ukuta wa mji chini ya mwezi mmoja, na mchoraji alikuwa amekwisha kulipwa na kuanza kazi nyingine. Nilimwandikia kwa heshima, nikamweleza yote, nikamtumia na picha ya zile duara za karatasi. Alikubali kwa malipo ya nyongeza, na akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliuliza: kama miezi yote inaangazwa na jua moja, je, pande zao zenye mwanga zisielekee upande mmoja? Alikuwa sahihi, na akazichora hilali mbili zikiwa zimeinamia machweo kwa pamoja. Fedha nilizoweka kwa ajili ya matangazo zilikwenda kwake na kwa mhariri, ambaye aliusoma mswada mpya wote. Kwa kuwa kurasa zilikuwa zimeongezeka, mgongo wa kitabu nao ulinenepa, hivyo faili la jalada likapimwa upya kwa milimita. Kurasa za ndani zikapangwa tena ili pasibaki mstari mmoja mpweke juu ya ukurasa. Na faili la kielektroniki la EPUB likatengenezwa upya kutoka mwanzo. Namba za ISBN tu, zile zinazotambulisha kila toleo la kitabu, ndizo zilizobaki kama zilivyokuwa, moja ya kitabu cha karatasi na moja ya kile cha kielektroniki, kwa kuwa hakuna toleo lililokuwa limetoka.

Wasomaji waliokuwa wakisubiri niliwaandikia kwamba tarehe imesogezwa mbele na sababu yake ni nini. Mwandishi mwenzangu, rafiki wa kweli aliyenitakia mema, alinishauri nikitoe kitabu kama kilivyokuwa, kwa kuwa hakuna msomaji atakayekaa na kalamu kuhesabu maji ya bahari isiyokuwepo. Nilimshukuru na nikaendelea. Mhariri aliporudisha mswada mpya, pembeni mwa ile sura hapakuwa na maelezo ya kuhariri. Palikuwa na neno "Naam" na tarehe.

Kitabu kilitoka kwa njia ya kuchapwa kadiri ya oda, nakala kwa nakala, na kwa muda mrefu mauzo yake yalikuwa ya polepole. Barua iliyonifurahisha zaidi ilitoka kwa msomaji mmoja aliyekuwa ametengeneza duara zake mwenyewe kwa kufuata maelezo yaliyotawanyika katika sura mbalimbali, akaizungusha miezi kutoka usiku wa kuzingirwa hadi usiku wa kuvuka, na akafika penye giza lilelile. Alitaka kujua kama Mtoro, ukiwa karibu zaidi, huwahi kupita mbele ya Mkongwe na kuufunika kabisa, na kama ndivyo, watu wa mji ule husema nini siku hiyo. Nilimjibu kwamba hupita, kwamba wana desturi nzima kwa ajili ya usiku huo, na kwamba nilikuwa nimekwisha kuandika sura tatu za kitabu cha pili kinachoanzia hapo.